Tamko la Chama Kuhusu Rufaa ya Mapema kwa Wagonjwa wa Siatika

Sisi wanachama wa chama hiki, tukiwa wataalamu wa fiziotherapia, matabibu na madaktari tunaowahudumia wagonjwa wa mgongo nchini Tanzania kuanzia zahanati hadi hospitali za rufaa, tunatoa tamko juu ya jambo moja: ni mgonjwa yupi wa siatika anayestahili kupelekwa mapema kwa daktari bingwa, na ni yupi anayeweza kutibiwa karibu na nyumbani kwake kwa usalama.

Msimamo wetu ni huu. Rufaa ya mapema iamuliwe na hali ya mishipa ya fahamu ya mgonjwa, pamoja na dalili za ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya maumivu. Isiamuliwe na ukali wa maumivu peke yake, wala na uwezo wa mgonjwa kulipia kipimo cha MRI.

Hali ilivyo

Siatika ni maumivu yanayoanzia kiunoni au takoni na kushuka mguuni, mara nyingi yakipita goti hadi kwenye wayo, yakiandamana na ganzi au hali ya kuchomachoma. Kwa wagonjwa wengi chanzo chake ni diski, yaani tishu iliyo kati ya pingili na pingili ya mgongo, kutokeza nje na kubana mzizi wa neva. Mizizi inayobanwa zaidi ni ile ya L5 na S1, chini kabisa ya kiuno. Ni maumivu makali. Humnyima mtu usingizi, humshusha dereva kwenye bodaboda na humzuia mkulima kuinama shambani.

Katika vituo vyetu tunaona makosa mawili yanayokwenda kinyume. La kwanza ni la mgonjwa anayechomwa sindano za diklofenaki mwezi baada ya mwezi, huku wayo wake ukizidi kulegea na hakuna aliyemvua viatu kumpima. Anapofika kwa bingwa, neva imekwisha kuumia kwa muda mrefu na nguvu zilizopotea hazirudi zote. La pili ni la mgonjwa ambaye wiki ya kwanza tu ya maumivu anaambiwa aende mjini kupiga MRI. Familia inauza mifugo, inakopa nauli, na mgonjwa anarudi na picha inayoonyesha diski iliyotokeza, kisha anapewa ushauri uleule ambao angeupata kwenye kituo cha afya cha kata yake.

Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: hatujakubaliana ni dalili zipi zinazofungua mlango wa rufaa.

Utafiti unasema nini

Tangu Mixter na Barr wa Boston walipoeleza mwaka 1934 kwamba diski iliyopasuka inaweza kubana neva na kuleta siatika, upasuaji umekuwa tiba inayoheshimika. Hata hivyo si kila mgonjwa anauhitaji. Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na siatika kali kwa wiki 6 hadi 12. Baadhi yao walipangiwa upasuaji wa mapema, wengine waliendelea na tiba ya kawaida, na upasuaji ukabaki akiba kwa atakayeuhitaji. Waliopangiwa upasuaji walipata nafuu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya wagonjwa wa kila kundi walisema wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 walifanyiwa upasuaji hatimaye.

Uingereza walijaribu njia nyingine. Wagonjwa 476 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambamo alama za maswali na vipimo vya mwili zilitumika kuwagawa katika makundi, na wale walioonekana na hali nzito zaidi wakapelekwa kwa MRI na kwa mtaalamu wa mgongo ndani ya wiki 4. Ilitarajiwa kwamba wangepona upesi. Nusu ya wagonjwa waliopangwa kwa njia hiyo walipata nafuu ndani ya wiki 10, na wa huduma ya kawaida ndani ya wiki 12. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba mpango ule ulisaidia. Funzo tunalolichukua ni kwamba kumkimbiza kwa bingwa mgonjwa asiye na dalili za hatari, kwa sababu tu alama zake za maumivu ziko juu, hakujathibitika kumponya mapema.

Kusubiri nako kuna mwisho. Kanada, utafiti mwingine wa mwaka 2020 uliwachukua wagonjwa 128 ambao siatika ilikuwa imewakaa kati ya miezi 4 na 12. Miezi sita baadaye, maumivu ya mguu ya waliopangiwa upasuaji yalikuwa yamepungua zaidi kuliko ya wenzao waliopangiwa tiba bila upasuaji. Kumwambia mgonjwa avumilie bila kumpa tarehe ya kupimwa tena si tiba.

Tunavyotaka wagonjwa wapangwe

1. Rufaa ya dharura, siku hiyohiyo. Huyu ni mgonjwa mwenye siatika ambaye mkojo umeziba, au haumtoki kama zamani, au unamtoka bila kujijua. Aliyepata ganzi sehemu za siri, kuzunguka haja kubwa au mapajani kwa ndani. Asiyeweza kuzuia haja kubwa. Ambaye ghafla amepoteza hisia katika tendo la ndoa. Au ambaye miguu yote miwili inauma na kuishiwa nguvu kwa pamoja. Hizi ni dalili za kubanwa kwa fungu la neva lililo mwishoni mwa uti wa mgongo. Mgonjwa asipofanyiwa upasuaji mapema anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Madaktari wengi huhesabu saa 48 tangu dalili zianze, na anayewahi kabla mkojo haujaziba kabisa ana matumaini makubwa zaidi. Asipewe tarehe ya kurudi. Atafutiwe gari la wagonjwa.

2. Rufaa ya haraka. Hapa yumo mgonjwa ambaye wayo umelegea, au nguvu za mguu zinapungua kila anapopimwa. Nguvu zikiwa 3 au chini katika kipimo cha 0 hadi 5, afike kwa bingwa ndani ya siku chache. Yumo pia mwenye dalili za ugonjwa mwingine: homa, jasho la usiku, kupungua uzito, kinundu kwenye uti wa mgongo, historia ya saratani, kuanguka au ajali, au maumivu yanayozidi usiku hata akiwa amelala. Nchini kwetu kifua kikuu cha mgongo bado kipo, na saratani ya tezi dume, ya titi na ya mlango wa kizazi huweza kufika kwenye pingili. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa tukumbuke kichocho: mayai ya minyoo yake yakifika sehemu ya chini ya uti wa mgongo huleta maumivu ya kiuno yanayoshuka miguuni, miguu kuishiwa nguvu na mkojo kuziba. Mgonjwa anayeshukiwa ugonjwa mwingine aanze vipimo palepale wilayani na aonwe na bingwa ndani ya wiki mbili. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukiziba, anahamia kundi la kwanza.

3. Rufaa ya kawaida. Mgonjwa aliyetibiwa vizuri kwa wiki 6, na bado maumivu ya mguu yanamzuia kulala au kufanya kazi, apewe rufaa ya kujadili MRI, sindano ya mgongoni au upasuaji. Aonwe kabla ya wiki 12 kutimia.

4. Kutibiwa karibu na nyumbani. Waliobaki, nao ndio wengi, watibiwe kwenye kituo chao. Wapimwe tena wiki ya pili na wiki ya sita, na waambiwe kwa kinywa na kwa maandishi dalili zitakazowafanya warudi usiku huohuo.

Uchunguzi unaowezekana kila mahali

Kumpanga mgonjwa katika makundi haya hakuhitaji mashine. Mvue viatu na soksi. Mwambie atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Asiyeweza kusimama kwa kisigino cha mguu unaouma, mshuku L5. Asiyeweza kujiinua kwa vidole, mshuku S1. Mlaze, mwambie ainue kidole gumba cha mguu huku ukikizuia kwa kidole chako, na ulinganishe kulia na kushoto. Nyanyua mguu ulionyooka uone kama maumivu yanashuka hadi chini ya goti. Gonga kano ya kisigino. Gusa kwa pamba pande zote mbili.

Kisha uliza kuhusu haja, na uulize faragha. Wagonjwa wengi, hasa akina mama mbele ya tabibu wa kiume na wazee mbele ya watoto wao, hawatalisema jambo hili wenyewe. Usiulize kama ana tatizo la mkojo, kwa kuwa atajibu hapana. Muulize: "Mama, ukichamba, unayahisi maji kama zamani?" "Mzee, mkojo ukikubana unajua? Ukianza, unatoka wote?" Jibu la maswali haya lina uzito zaidi kuliko picha yoyote. Akisema hahisi, mpime hisia za sehemu hizo kwa ridhaa yake, msimamizi akiwapo.

MRI ifuate uchunguzi, isiutangulie. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata miongoni mwa watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, diski zilizotokeza huonekana kwa takribani asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Picha isiyolingana na dalili za mguu humtia mgonjwa hofu bila kumsaidia.

Wakati wa kusubiri

Mgonjwa wa kundi la tatu au la nne asiachwe mikono mitupu. Aelezwe kwamba diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe. Asilazwe kitandani: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 1999 uliohusisha wagonjwa 183 ulionyesha kwamba kulala wiki mbili hakukuwa bora kuliko kuendelea na shughuli kwa kadiri mtu anavyoweza. Apate mazoezi ya fiziotherapia na dawa za maumivu kwa muda mfupi, tukichunga tumbo, figo na presha. Pregabalini, ambayo wengi huuziwa kwa bei kubwa, haikupunguza maumivu ya siatika kuliko kidonge kisicho na dawa katika utafiti wa Australia wa mwaka 2017, na ilileta kizunguzungu zaidi.

Tunaonya pia kuhusu sindano za takoni. Neva ya siatika inapita hapo, na sindano iliyochomwa mahali pasipofaa huijeruhi. Mtu anayepata maumivu kama ya umeme mguuni wakati wa kuchomwa, au ambaye wayo wake umelegea baada ya sindano, ahesabiwe katika kundi la pili.

Wito wetu

Tunaiomba Wizara ya Afya iweke makundi haya manne katika mwongozo wa tiba, na TAMISEMI iufikishe mwongozo huo kwenye kila zahanati na kituo cha afya.

Tunaziomba hospitali za rufaa za mikoa na za kanda, pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), zitenge namba ya simu inayopokelewa saa 24 kwa ajili ya wagonjwa wa kundi la kwanza, ili tabibu wa kijijini azungumze na bingwa kabla gari halijaondoka.

Tunazitaka taasisi za bima, wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatekelezwa, zigharamie MRI na usafiri wa wagonjwa wa makundi mawili ya kwanza bila kuwasubirisha kibali, na zigharamie fiziotherapia ya wilayani kwa wengine wote.

Tunawasihi watumishi wenzetu waandike barua ya rufaa inayosema: maumivu yalianza lini, ni mguu upi, nguvu ni ngapi kati ya 5, hisia zimepotea wapi, haja ikoje na dawa gani zimetumika. Barua iliyoandikwa tu "maumivu ya mgongo" inamrudisha mgonjwa mwisho wa foleni.

Nanyi wananchi, msione haya. Mguu ukilegea au mkojo ukibadilika, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yakiwa makali lakini mguu una nguvu na haja iko sawa, anzeni kwenye kituo kilicho karibu, na mdai mpimwe mkiwa mmevua viatu.

Ahadi yetu

Chama kinaahidi kuwafundisha wanachama wake uchunguzi huu, kuandaa karatasi ya dalili za hatari kwa Kiswahili chepesi, na kuitoa bure kwa kituo chochote kitakachoiomba. Mwanachama atakayempeleka mgonjwa kwenye MRI kwa faida yake binafsi, au atakayemnyima rufaa mwenye dalili za dharura, atawajibishwa kwa mujibu wa kanuni za maadili ya taaluma.

Mabingwa wa upasuaji wa mgongo ni wachache nchini, na kila nafasi ya kliniki yao inayochukuliwa na asiyeihitaji inachelewesha anayeihitaji. Tunataka nafasi hiyo imfikie mwenye neva iliyo hatarini, awe anaishi Masaki au Ukerewe, awe na bima au hana.

Limetolewa na Kamati Tendaji,
kwa niaba ya wanachama wote.