Kubeba mawe si mchezo

Hapa Kolwezi, mji wa machimbo kusini mwa Kongo, kila mtu anapotaja kiwanja cha michezo au chakula cha shule, hujibiwa neno moja: watoto wa huku hawana haja ya mambo hayo. Wanaamka alfajiri, wanachota maji, wanatembea mwendo mrefu, wanasaidia wazazi kubeba mifuko. Mazoezi gani tena? Na chakula ni bukari, ugali wa mahindi. Mtoto akishiba bukari ameshiba. Habari za lishe na michezo shuleni ni za watoto wa Ulaya na Marekani, walionenepa kwa kukaa mbele ya televisheni.

Nimelisikia kwa wazazi wema, kwa walimu waliochoka, hata kwa viongozi. Nalikataa lote, na mahali pa kulikatalia ni Kasulo.

Kasulo ulikuwa mtaa wa makazi wa Kolwezi kama mingine hadi mwaka 2014, mkaaji mmoja alipochimba kwenye uwanja wake akakutana na kobalti. Habari ikaenea, na haukupita muda mrefu watu wakawa wanachimba uani, jikoni, hata chini ya vyumba walimolala. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta kwa makubaliano kati ya jimbo la Lualaba na Congo Dongfang Mining, tawi la kampuni ya Huayou ya China, na mamia ya familia zikahamishwa. Vumbi halikuhamishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliwapima wakaaji 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Mkojo wa watoto wa mtaa huo ulikuwa na kobalti mara kumi kuliko wa watoto wa mahali pengine, na miilini mwao kulikuwa na dalili za kuharibika kwa DNA. Si lazima mtoto ashuke shimoni ili yampate hayo. Inatosha akae pale, acheze chini, ale kwa mikono, alale kwenye nyumba ambayo vumbi lake linafagiliwa asubuhi na jioni limerudi.

Sasa wazazi wenzangu, sikilizeni jambo ambalo halisemwi kwenye mikutano. Tumboni mwa mtu, kobalti hupita njia ileile inayopitisha madini ya chuma. Mtoto aliyepungukiwa damu kwa kukosa chuma, mwili wake huifungua njia hiyo zaidi ili upate chuma kidogo kilichopo, na kobalti huingia nayo kwa wingi. Madini ya risasi pia humwingia zaidi mtoto wa namna hiyo. Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kulamba vumbi lilelile, na anayekula maharagi, dagaa na matembele yaliyokamuliwa limau akawa na kinga ambayo mwenzake anayekula bukari kwa chumvi hana. Chakula bora hakiondoi vumbi, wala sisemi kinaponya. Lakini kumwambia mama wa Kasulo kwamba habari za lishe ni za Wazungu wanene ni kumnyang'anya moja ya silaha chache alizo nazo.

Bukari naipenda, nimelelewa nayo kama ninyi. Ila unga mweupe uliokobolewa umeondolewa ganda na kiini, na humo ndimo mlimokuwa na sehemu kubwa ya chuma na vitamini za hindi. Unajaza tumbo, hauongezi damu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta watoto 43 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa katika nchi hii. Watoto wale leo wako madarasani, au walipaswa kuwa madarasani. Na mtoto hadumazwi na tumbo tupu peke yake: chakula cha aina moja kila siku, maji machafu na kuharisha mara kwa mara vinatosha.

Kisha hilo la kazi kuwa mazoezi. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa linafanya dhuluma ionekane afya. Amnesty International na shirika la Kikongo la Afrewatch walieleza mwaka 2016 habari za watoto wanaofanya kazi hadi saa 12 kwa siku kwenye machimbo ya kusini mwa Kongo, wakibeba mifuko ya kilo 20 hadi 40, kwa malipo ya faranga 1,000 hadi 2,000. Mtoto anayecheza akichoka hukaa chini, akanywa maji, akarudi anapotaka. Anayebeba mfuko akichoka halipwi. Uti wa mgongo wake bado unakua, na mzigo unaushindilia. Kifua chake kinavuta hewa nyingi zaidi kwa ajili ya uzito, na hewa yenyewe ni vumbi la mawe. Msichana anayeosha madini ameinama majini tangu asubuhi. Jioni hawezi hata kuruka kamba. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kukimbia, kuruka na kuchezesha mwili. Hakuna anayesoma maneno hayo akafikiria mfuko wa mawe, isipokuwa sisi.

Nenda saa nne ya asubuhi kwenye lango la shule ya msingi jirani na machimbo, kengele ya mapumziko inapogonga. Mama amekaa na ndoo ya vitumbua, kando yake jusi za mifuko zenye rangi ya kucha zilizopakwa. Wenye faranga wanamzunguka, wananyoosha mikono yenye weusi chini ya kucha, wanapokea, wanakula. Hakuna aliyenawa, kwa sababu hakuna pa kunawia. Wasio na faranga wanasimama kwenye ukuta, wanajifanya wanaangalia mpira. Mpira wenyewe ni wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba, na kila ukipigwa vumbi linapanda hadi vifuani. Pembeni wasichana wanacheza nzango, wanapiga makofi, wanarusha miguu, na kwa dakika chache hizo unaona watoto walivyo. Kabla hawajamaliza, waliochelewa asubuhi wanaitwa kuchota maji ya walimu kama adhabu. Saa sita, viti kadhaa viko wazi. Waliokuwa ukutani ndio wametoka kwanza, na njia wanayoishika haiendi nyumbani.

Mnasema mambo haya ni ya kigeni. Waulizeni wazee wa Kolwezi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, haikuwapenda babu zetu, iliwahesabu tu. Hata hivyo iliujua ukweli huu ambao leo tunaukana: ilitoa posho kwa mfanyakazi, kwa mke wake na kwa watoto wake, na kambini watoto walilishwa kwenye kantini ya kampuni. Gécamines iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967 iliendelea na posho, shule, hospitali na viwanja, mpaka ilipoanguka miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 waliondolewa kazini kwa mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia, na baadhi ya watoto wao wakaishia machimboni. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu alikwisha kuandika mwaka 2001 juu ya wana wa Shaba, yaani Katanga, waliotupwa na baba yao, ndiyo kampuni. Simlilii baba yule. Alimlisha mtoto ili apate mchimbaji wa kesho, na mzazi aliyekosa kumtii alijua atapoteza nini. Lakini kama kampuni ya wakoloni iliona faida ya kumlisha mtoto na kumpa pa kucheza, ni aibu kwa shule huru ya Kongo kusema si kazi yake.

Kinachotakiwa ni kila shule iwe na sera yake ya lishe na michezo, iliyoandikwa, iliyopitishwa na direkta pamoja na kamati ya wazazi, na kubandikwa ukutani. Isinakiliwe tu kutoka mahali pengine. Washauri wakija huanza na bustani ya shule; Kasulo hiyo ni hatari, kwa sababu mboga iliyopandwa kwenye udongo wa machimbo huja mezani na kobalti yake. Mboga zinunuliwe kwa wakulima walio mbali na mashimo. Cha kwanza ni maji na sabuni: asile mtu kabla ya kunawa. Cha pili ni ardhi ya uwanja, iletwe safi kutoka mbali, ipandwe majani, imwagiwe maji wakati wa kiangazi. Ndipo sahani ya saa nne, maharagi au dagaa pamoja na mboga za majani, kwa wote, ili asiwepo wa kusimama ukutani. Ndipo muda wa kucheza kila siku. Elimu ya viungo iko kwenye ratiba ya serikali tangu zamani. Inaliwa na salongo, kazi za mikono za lazima, na adhabu. Mwalimu asipewe ruhusa ya kumwadhibu mtoto kwa kumnyima mchezo.

Najua madarasa yamejaa. Tangu shule ya msingi ilipofanywa bure kweli mwezi wa Septemba 2019, kama kifungu cha 43 cha katiba ya 2006 kilivyoahidi, watoto wameingia kwa wingi, na kuna walimu wanaofundisha bila mshahara wa serikali. Hao wasibebeshwe masufuria, wapishi walipwe. Na chakula kwa wote kinawezekana: Rwanda, isiyo na kobalti yetu, tangu 2021 inaendesha chakula cha shule kuanzia watoto wadogo hadi sekondari.

Na msiniambie pesa hakuna, si Kolwezi. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini au sekta ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani. Kobalti hulipiwa mrabaha wa asilimia 10. Kamati za wazazi za shule za Kasulo zina haki ya kwenda kwa meya na kwa bourgmestre, mkuu wa komini, karatasi ya sheria mkononi, kuuliza ile 15 imeingia kiasi gani mwaka huu, imejenga nini, na kwa nini hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa sahani, sabuni na uwanja. Wakiambiwa warudi wiki ijayo, warudi wiki ijayo, tena wakiwa wengi zaidi.