Kwa Waumini wa Arua na Koboko, kutoka Leicester, Uingereza

Wazee wangu wa Mvara, mama zangu na shangazi zangu wa Koboko, vijana wa kwaya, na ninyi baba wadogo mnaoswali msikitini lakini barua zangu mnasomewa pamoja na wengine,

Watoto wanaendelea na shule, mama yao bado yuko zamu ya usiku, na baridi imeshaingia.

Ujumbe wenu umenifikia. Mnauliza mambo mawili. La kwanza, imekuwaje mimi niliyebatizwa Mvara nikiwa mchanga, mtoto wa Kanisa la Uganda, leo nasali na Wabaptisti. La pili ni zito zaidi: mnasema vijana huko wamegawanyika, wengine wakidai ubatizo wa utotoni si kitu mpaka mtu azamishwe kwenye maji mengi, na sasa kuna nyumba ambazo ndugu hawasali pamoja. Mnaomba shauri. Nitajibu yote mawili, ila kwanza niwaeleze ushirika wetu huku unavyoishi mwezi mzima, maana jibu langu limo humo.

Kanisa letu ni la matofali mekundu, lilijengwa zamani za Malkia Victoria. Halina askofu juu yake. Washirika ni Waingereza wazee, Wajamaika ambao wazazi wao walikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, Wanaijeria, Wakongo, na mimi, Mkakwa wa Koboko. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ni ya Meza ya Bwana. Mashemasi wanapitisha mkate, kila mtu anamega na kula palepale alipoketi. Kisha zinakuja trei za mbao zenye vikombe vya kioo, kila kimoja hakizidi kifuniko cha chupa ya soda, ndani yake maji ya zabibu yasiyo na kileo. Kikombe hukinywi peke yako. Unakishika mkononi, unasubiri, mpaka bibi wa benchi la mwisho naye awe amepata, ndipo tunakunywa wote kwa pamoja. Mchungaji anasubiri kama sisi.

Baada ya hapo hupita sadaka ya pili. Hiyo haiendi kwenye paa wala kwenye mshahara. Ni ya washirika walio na shida mwezi huo, na anayepewa hatangazwi. Majira ya baridi niliyokosa kazi, shemasi mmoja alibisha hodi kwangu jioni, akanipa bahasha, tukaomba, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuna aliyenitazama tofauti.

Katikati ya mwezi ni matembezi. Mtu akiomba kuwa mshirika, wawili wanatumwa nyumbani kwake wamsikilize imani yake, kisha wanarudi kutoa habari mbele ya kanisa. Mshirika asipoonekana kwa majuma kadhaa, jina lake linatajwa, na mtu mmoja anapewa kazi ya kwenda kumwona. Anapewa kwa jina, ili mwezi ujao aulizwe amekuta nini.

Kisha kinakuja kikao cha kanisa, Jumatano jioni, kwenye chumba cha nyuma chenye viti vya plastiki na birika la chai. Hapo ndipo nilipoelewa Wabaptisti ni watu gani. Mikutano ya kanisa kwetu niliijua: tunakaa, tunaambiwa uamuzi, tunapiga makofi, tunafunga kwa sala. Huku nilimwona mama mmoja Mjamaika, mstaafu aliyefanya usafi hospitali maisha yake yote, akisimama kuuliza kwa nini fedha zilizochangwa kwa ajili ya paa zimetumika kununulia mtambo wa kupasha joto. Mweka hazina, mzee aliyewahi kufanya kazi benki, hakumkatiza wala hakukasirika. Alifungua daftari, akasoma ukurasa mzima, mstari kwa mstari, akakiri kwamba washirika walipaswa kuulizwa kwanza. Mchungaji alikuwa amenyoosha mkono akingoja zamu yake. Jambo liliahirishwa hadi mwezi uliofuata ili watu waliombee. Mwezi ule ulipofika, mama yule ndiye aliyetoa hoja fedha zirudishwe kidogo kidogo, na wote wakakubali.

Wenyewe wanasema kura zile si za kutafuta nani ameshinda. Wanatafuta nia ya Kristo, na wanaamini Kristo anaweza kusema kwa kinywa cha mfagiaji kama anavyosema kwa kinywa cha mchungaji. Ndiyo maana mchungaji mwenyewe wanamwita wao, kwa kura ya washirika, na mashemasi wanawachagua wao.

Mazoea haya hayakushuka kutoka mbinguni yakiwa tayari. Hapa hapa Leicester, mwaka 1789, kanisa moja dogo la mtaa wa Harvey Lane lilipata mchungaji. Alikuwa fundi viatu na mwalimu wa shule, jina lake William Carey. Alikuta washirika wanagombana na kuishi ovyo, kila jitihada ya kuwapatanisha ikashindikana. Mwaka 1790 alifanya jambo la ujasiri: aliwashawishi wauvunje ushirika wote, kisha kila anayetaka kurudi aweke sahihi kwenye agano la namna watakavyoishi pamoja. Wengine hawakurudi. Waliorudi wakawa kanisa. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Oktoba 1792, Carey na wachungaji wenzake wachache walikutana kwenye nyumba ya mjane mmoja mjini Kettering, wakaahidi paundi 13, shilingi 2 na peni 6 kwa ajili ya kupeleka Injili ng'ambo. Mwaka uliofuata Carey mwenyewe aliondoka kwenda India na hakurudi tena mpaka alipofariki mwaka 1834. Chama cha umisionari kilichoanza kwa senti zile kinafanya kazi mpaka leo.

Wajamaika wa kanisani kwetu wana habari yao, nao huisimulia wamesimama wima. Huko kwao, shemasi wa Kibaptisti Samuel Sharpe, mtumwa aliyejua kusoma, aliwaongoza wenzake mwishoni mwa Desemba 1831 kugoma, wasishike kazi baada ya Krismasi mpaka walipwe kama watu huru. Mgomo uligeuka moto, serikali ikajibu kwa risasi na vitanzi, na Sharpe akanyongwa mwezi Mei 1832. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake. Leo sura ya shemasi huyo iko kwenye noti ya Jamaika. Mtu aliyezoea kuhesabiwa kuwa sauti kamili kanisani hakubali kirahisi kuhesabiwa kuwa mali shambani.

Sasa nije kwenye maji.

Ubatizo wa huku nimeushuhudia mara nyingi, na ni mzuri, siwafichi. Kisima kimo chini ya jukwaa la mimbari. Jumamosi mbao za sakafu zinaondolewa, maji yanafunguliwa yajae usiku kucha. Jumapili anayebatizwa anasimama mbele ya watu wote, anaeleza kwa maneno yake jinsi alivyomwamini Yesu, kisha anashuka ngazi. Anazamishwa mara moja, anainuka akitiririka maji, na kanisa linaimba. Anayebatizwa ni mtu aliyeamua mwenyewe. Wanalishikilia jambo hilo kwa nguvu zote, na sababu zao za Maandiko ni nzito.

Lakini mimi sijazamishwa. Nilipoomba kujiunga, wale wawili waliokuja nyumbani walinisikiliza habari ya Mvara, ya askofu aliyeniwekea mikono, ya mama aliyenifundisha kuomba kwa Kikakwa. Wakarudi kanisani wakasema: huyu ni ndugu. Jumapili ya Meza ya Bwana mchungaji alinipa mkono wa kuume wa ushirika mbele ya wote. Makanisa ya Kibaptisti hayafanani katika hili. Yako yanayomtaka kila mshirika azamishwe, na yako kama la kwetu yanayompokea mtu kwa ushuhuda wa imani yake. Ubishi huo ni wa zamani. John Bunyan, mhubiri wa Bedford aliyekaa gerezani miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri bila kibali, aliandika mwaka 1673 kwamba tofauti juu ya maji si sababu ya kumfukuza ndugu mezani. Robert Hall, aliyeshika kanisa lile lile la Carey hapa Leicester kuanzia mwaka 1807, aliandika kitabu mwaka 1815 kutetea hoja hiyo: meza ni ya Bwana, na yule ambaye Bwana amempokea, sisi ni nani tumzuie? Sanamu yake iko kwenye bustani ya mji, nami huipita nikienda kazini.

Vijana wangu, nawaomba mlisikie hili kutoka kwa watu wa maji mengi wenyewe. Mtu akiongozwa na dhamiri yake azamishwe, azamishwe kwa furaha, na asizuiwe na mjomba wala katekista. Lakini asitoke majini akimwita mama yake mpagani.

Tena kumbukeni tulikotoka. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipovuka kutoka Kongo kuja West Nile mwaka 1918, hawakuwa wa dhehebu moja. Walikubaliana na askofu wa Kianglikana kwamba watakaoamini watalelewa ndani ya kanisa lake. Kanisa letu la Mvara lilizaliwa katika mapatano ya watu waliotofautiana, na limetulea.

Na ninyi wa Koboko mnajua, kuliko wengi, dini ikiamuliwa na mtu mmoja kinachotokea. Februari 1977 Askofu Mkuu wetu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Mkakwa mwenzetu, na aliyekabidhiwa kiti chake katika saa ile ngumu alikuwa mzee wetu Silvanus Wani, Mkakwa. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku madhehebu 27, ikaruhusu makanisa matatu tu na Uislamu. Miaka mitano kabla yake Waasia walikuwa wamefukuzwa Uganda. Mji huu ninaoishi ulilipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, kuwaambia wasije. Walikuja kwa maelfu, wakaujenga. Jirani yangu wa mlango wa pili alizaliwa Jinja. Aliposikia natoka Koboko alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kama nimeshakula.

Wabaptisti wana neno la kusema hapa. Thomas Helwys, aliyefungua kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza, alichapisha mwaka 1612 kitabu cha kumwambia mfalme kwamba mamlaka yake hayafiki kwenye roho za watu. Hakujitetea mwenyewe tu. Aliwataja Waislamu na Wayahudi pia, kwamba nao wasiadhibiwe kwa imani yao. Alitupwa gereza la Newgate, wala hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Baba wadogo zangu, kitabu hicho kiliwatetea hata ninyi. Basi vijana wa kanisa wasiwabughudhi mnapofunga, na ninyi msimfukuze nyumbani yule binti wa Koboko aliyechagua kubatizwa.

Msidhani huku kila kitu kimekamilika. Mabenchi mengi ni matupu. Mtu akifiwa, tunakwenda kuzika kisha kila mmoja anarudi kwake. Hakuna matanga, hakuna wanawake wa kulala chini na mfiwa siku tatu, hakuna sala ya jioni ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Chakula cha pamoja tunacho mara moja kwa mwezi, kila mtu na sufuria yake, na niliwahi kuwapikia samaki kwa karanga wakamaliza. Lakini ninyi mnao ushirika huo kila siku bila kuuandikia ratiba. Kilichobaki ni kuongeza uwazi.

Kwa hiyo shauri langu ni moja, nalo linajibu maswali yote mawili: anzeni kikao cha kila mwezi cha washirika wote. Hamhitaji kuhama dhehebu wala kumvunjia heshima askofu. Hesabu zisomwe pale, senti zilizoingia na zilizotoka, na mjane awe na haki ya kuuliza sawa na mwenyekiti. Majina ya wasioonekana yatajwe, na mtu atumwe kwa kila jina. Suala la ubatizo liletwe hapo, waliozamishwa na wasiozamishwa wakae chumba kimoja, kila mtu aseme bila kukatizwa, na lisipokwisha mwezi huu lisubiri mwezi ujao. Ugomvi unaojadiliwa mbele ya wote hauvunji nyumba upesi. Unaozivunja ni ule unaonong'onwa njiani kutoka sokoni.

Nami naanza na la kwangu. Sisi wa ughaibuni tumekuwa tukituma fedha za mabati ya kanisa la huko kupitia mkono wa mtu mmoja au wawili, na shukrani mnatuletea kwa majina yetu. Kuanzia awamu hii, naomba kiasi kisomwe mbele ya washirika wote pamoja na risiti za dukani, na majina yetu yasitajwe. Tukifika bei ya paa, washirika waamue wenyewe kama kweli wanataka paa kwanza, au karo ya watoto wa wakimbizi waliopokewa Lobule. Watakachoamua, sisi tutakifuata.

Niandikieni tarehe ya kikao cha kwanza. Nitaipeleka kwenye kikao chetu cha Jumatano, iingie kwenye kumbukumbu, tuwaombee siku hiyo hiyo. Na nani atumwe kwa yule binti wa Koboko na baba yake, liamuliwe mapema.

Wasalimieni wote, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi kijana wenu,
Leicester