Pona na Hona: Mzizi Ulio Mlangoni Petu

Mwanafunzi wa mwaka wa pili katika idara zetu za Kiswahili huweza kueleza, bila kusita, kwamba p ya Kilatini katika pater inalingana na f ya Kiingereza katika father, na kwamba William Jones aliutangaza undugu wa Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini mjini Calcutta mwaka wa 1786. Mwulize mwanafunzi huyo huyo, mzaliwa wa Ruiru aliyesomea Thika, kwa nini mamaye husema kũhona pale ambapo mwalimu wake husema kupona. Atajibu kwamba lugha hizo "zinafanana." Jibu hilo ndilo tunalolishtaki hapa, na mshtakiwa si mwanafunzi.

Kufanana si hoja. Pona na hona, panda (mbegu) na haanda, pita na hĩtũka: jozi hizi zinalingana kwa kanuni. Penye p ya lugha mame ya Kibantu, Kiswahili kimeihifadhi p na Kikuyu kimeigeuza h. Ni badiliko la jamii moja na lile aliloliratibu Jacob Grimm mwaka wa 1822 kuhusu lugha za Kijerumani. Tofauti ni kwamba ili aufuate mfano wa Grimm, kijana wa Thika hukariri maneno ya lugha za kale asizopata kuzisikia zikisemwa, hali mfano wa Kibantu anao kinywani tangu utotoni.

Yako makubwa zaidi. Mwaka wa 1903 Carl Meinhof aliipa jina la mmishonari Edmund Dahl, aliyefanya kazi Unyamwezini, kanuni isemayo kwamba konsonanti sighuna ikifuatwa na silabi yenye konsonanti nyingine sighuna, ile ya kwanza hughunishwa. Katika Kikuyu kanuni hii ingali hai. Kulima ni kũrĩma, lakini kutema ni gũtema, na kucheka ni gũtheka. Jina la lugha yenyewe ni ushahidi: sisi twasema Kikuyu, wenyewe husema Gĩkũyũ. Abiria wa barabara ya Thika huisoma kanuni ya Dahl kwenye vibao vya matatu kila asubuhi. Githurai, Githunguri, Gatundu na Gatanga zina g, kwa kuwa konsonanti inayofuata ni t au th. Kiambu, Kabete, Kamiti na Kandara zimebaki na k, kwa kuwa kinachofuata ni sauti ghuna. Tena tazama kĩndũ, mwenza wa kitu letu. Mbona si gĩndũ? Kwa sababu t ya mzizi -ntu, ikitanguliwa na n, imekwisha kuwa nd katika Kikuyu, na nd ni ghuna. Haina nguvu ya kuigeuza k inayoitangulia. Katika neno moja la silabi mbili mna kanuni mbili zinazokutana. Anayekwenda kuutafuta mfano bora kuliko huu katika vitabu vya Ulaya amejitakia safari.

Uzembe huu una gharama katika uhakiki wa fasihi. Liko kundi la wahakiki ambalo kazi yake ni kuhesabu maneno ya Kiarabu katika shairi, kisha kulihukumu shairi, na lugha yenyewe, kuwa ni la kigeni. Kamusi zimewasaidia. Kamusi ya Johnson ya mwaka wa 1939 huliwekea alama neno la Kiarabu, lakini -cheka na -zika zimeachwa bila nasaba, kana kwamba zilidondoka kutoka mbinguni. Msomaji huona maneno ya kukopwa yana ukoo, na ya kurithiwa hayana.

Kundi la pili ni la wapinzani wa hilo, na kosa lake ni lile lile. Hawa, kwa bidii ya kuuthibitisha Ubantu wa Kiswahili, hukusanya kila kinacholandana: meza na metha, saa na thaa, pesa na mbeca, wakatangaza undugu. Hayo ni maneno yaliyopanda bara pamoja na biashara. Meza ni ya Wareno, saa ni ya Waarabu, pesa ilitoka Bara Hindi. Kikuyu kiliyapokea kutoka kwa Kiswahili. Kwa meza pana mtego zaidi, maana z na th hulingana pia katika kuzika na gũthika, ambalo ni neno la urithi. Sikio peke yake haliwezi kuyatenga mawili hayo. Kinachoyatenga ni kuuliza mzizi umeenea wapi: Waganda nao husema okuziika, na neno hilo halikuhitaji jahazi la Mreno kufika kwao.

Tutaambiwa kwamba lugha za Kihindi-Kiulaya zina maandishi ya kale na zetu hazina. Lakini lugha mame ya Kihindi-Kiulaya yenyewe haikuacha hata mstari mmoja, na Leonard Bloomfield alionyesha mwaka wa 1925, kwa lugha za Kialgonkia za Marekani ya Kaskazini, kwamba mbinu hii haingoji maandishi. Meinhof alikuwa ameijaribu kwa Kibantu tangu 1899, na majuzuu manne ya Guthrie yalikamilika 1971.

Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai pale Nairobi kwamba Afrika iwe kitovu cha masomo ya fasihi. Dai lile halijaufikia muhtasari wa isimu historia. Matokeo yake huonekana katika tasnifu. Lipo simulizi kwamba jina Thika latokana na gũthika, kwa ajili ya waliozikwa hapo baada ya maafa. Lipo jingine linalolitoa jina hilo katika Kimaasai. Mwandishi akilipokea la kwanza kwa kuwa tu silabi zinaitikiana, bila kuuliza majina ya mito ya jirani yameundwaje, tasnifu yake irudishwe, hata kama sura zake nyingine zimekamilika.