Maji Yapoteayo Mferejini Yana Mwenyewe



Ndugu wasomaji, wiki hii tunaomba tuuzungumzie mfereji wa udongo. Huenda wakazi wa mijini wakasema hilo si lao. Hata hivyo, wali uliopakuliwa mezani pao, pamoja na vitunguu na nyanya zilizoungwa mchuzi wake, huenda umepitia humo.

Wenzetu wa Kilimanjaro na Upare wanaijua mifereji hii tangu enzi za mababu. Wachaga waliichimba wakaiita mifongo, wakayateremsha maji kutoka mlimani hadi migombani. Wapare walijenga pia ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwa nguvu moja. Hiyo ni elimu ya kujivunia. Lakini mfereji wa udongo una kasoro moja ambayo macho hayaioni: unakunywa maji kabla mkulima hajayafikia.

Wengi wetu hudhani kwamba anayeyachukua maji ni jua. Jua lina sehemu yake, lakini kwa kawaida ni kina cha milimita chache tu kwa siku. Ardhi iliyo chini huchukua mara nyingi zaidi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) limetoa makadirio yanayotumika sana. Katika mfereji wa udongo unaozidi mita 2,000, maji yanayofika mwisho ni kama asilimia 60 ikiwa udongo ni wa kichanga, asilimia 70 ikiwa ni tifutifu, na asilimia 80 ikiwa ni mfinyanzi. Mfereji uliosakafiwa hufikisha asilimia 95. Na makadirio hayo ni ya mfereji unaotunzwa vizuri. Uliotelekezwa hufikisha pungufu zaidi.

Tufanye hesabu ndogo ya nyumbani. Tuseme mfereji una urefu wa kilomita moja, na eneo linalogusana na maji, yaani sakafu na kingo zake, lina upana wa mita moja na nusu. Hizo ni mita za mraba 1,500. Ikiwa udongo wake unakunywa kina cha sentimita 30 kwa siku, jambo lisilo la ajabu katika udongo wenye mchanga, basi zinapotea mita za ujazo 450 kila siku. Hayo ni madumu 22,500 ya lita 20. Mama anayelibeba dumu moja kichwani anaujua uzito wa maneno haya.

Swali letu ni hili: maji hayo yaliyopotea yalikuwa ya nani? Mwenye shamba karibu na banio hahisi kitu, kwani kwake mfereji umejaa. Hasara yote humwangukia aliye mkiani. Huyo ndiye anayekesha na jembe na taa akingoja zamu yake, na zamu inapofika anapata mchirizi usiolowesha hata jaruba moja. Hapo huanza maneno: fulani ameiba maji, fulani amefungua usiku. Majirani waliokuwa wakizikana na kuozana hununiana, na pengine mapanga huchomolewa, ilhali sehemu kubwa ya wizi huo imefanywa na sakafu ya mfereji ambayo hakuna aliyeitengeneza.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Zubayr bin Awwam (RA) alihitilafiana na mtu katika Answari juu ya mikondo ya maji ya Harra, pale Madina, iliyonywesha mitende yao. Mtume (SAW) alimwelekeza Zubayr, ambaye shamba lake lilitangulia, anyweshe kisha ayaachie maji yamfikie jirani yake. Mwenzake hakuridhika, na hapo Zubayr akapewa haki yake kamili, lakini hata hiyo iliwekewa kikomo. Wanazuoni wamechukua hapo kanuni: wa juu hutangulia kwa kadiri maalumu, kisha ni wajibu wake kuyaachia. Nasi tunasema, kuyaachia maji katika mfereji uliotoboka, huku tukijua kwamba hayatafika, ni kuitimiza kanuni kwa jina tu.

Ndugu zetu wa Oman wametangulia katika hili. Mifereji yao ya kale, iitwayo aflaj, hugawa maji kwa muda unaohesabiwa, na mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sehemu zinazovuja huzibwa kwa lipu ya udongo uliochomwa iitwayo saruj. Ndilo neno lililozaa saruji yetu. Basi neno tunalo. Kinachotakiwa ni kazi.

Kazi hiyo haianzi kwa mfuko wa saruji. Inaanza kwa kupima. Kamati ya maji ichague kipande cha mfereji, izibe ncha zote mbili, ijaze maji jioni, ichomeke kijiti chenye alama, na asubuhi itazame yameshuka kiasi gani. Jua halipo usiku, kwa hiyo yaliyopungua yamenywewa na ardhi. Wakirudia hivyo kipande kwa kipande, wataona kwamba mfereji hauvuji sawasawa. Mara nyingi pana sehemu chache mbaya, na hizo ndizo za kuanza nazo.

Kisha yafuate matengenezo. Nyasi zing'olewe, maana huyapunguza maji mwendo na kuyapa nafasi ya kuzama. Mashimo ya panya na ya kaa yazibwe. Sakafu ya kichanga itandikwe udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, uloweshwe na kushindiliwa barabara. Penye uvujaji mkubwa ndipo pajengwe kwa mawe na saruji, na hapo pia usimamizi uendelee, kwani nyufa zikiachwa, fedha zote zimezama pamoja na maji. Wapare wanao msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Siku moja ya msaragambo kabla ya msimu yaweza kumwokoa wa mkiani na msimu mzima wa njaa.

Lakini tusikimbilie kusakafia kila mahali bila kuuliza. Maji yaliyozama hayakufa yote. Mengine hutokea kwenye kisima cha jirani. Mfereji wa All-American, unaopeleka maji ya Mto Colorado huko California, Marekani, ulivuja kwa miongo mingi, na maji yake yakavuka mpaka chini ya ardhi hadi visima vya wakulima wa Mexicali, Meksiko. Ulipoamuliwa kujengewa zege sehemu ya kilomita 37 hivi, wakulima hao walipinga hadi mahakamani, lakini kazi ikaendelea. Upande mmoja ulihesabu maji yaliyookolewa. Upande wa pili ukahesabu yaliyopotea. Kwa hiyo, kabla ya kuziba, kamati iwaite pia wenye visima na wenye mifugo walio pembeni. Nao wana haki katika neema hii.

Tunawausia wazazi walio karibu na mifereji: mkitoka shambani Jumamosi hii, tembeeni na watoto wenu kutoka banio hadi mkiani. Waonyesheni maji yalivyo mengi yanapoanza na yalivyo machache yanapoishia, kisha waacheni wamsalimu mkulima wa mwisho. Mtoto aliyemjua mtu huyo hatauona tena ufa wa mfereji kuwa jambo dogo.