Mpaka avae kombati ndiyo akimbie?

Wadau, nimo nyumbani Makorora wiki hii, nakula samaki na kukwepa simu za mhariri. Juzi alfajiri nimetoka kibarazani nikamwona kijana wa jirani anarudi mbio kutoka njia ya Pongwe, jasho linamtiririka, raba zimechanika mpaka kidole kinachungulia. Kamaliza kidato cha nne mwaka juzi, na kwenye UMISSETA alifika ngazi ya mkoa. Tukasalimiana, akaniuliza: "Kaka, wewe si uko gazetini, nafasi za JKT zinatoka lini?"

Nikamuuliza kama anapenda uaskari. Akacheka. "Hapana kaka. Nataka kukimbia."

Nilitaka kumpa mawaidha, nikakosa. Dogo kapiga hesabu zake na hesabu zinakubali. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa aliyeshinda New York Marathon mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 alikuwa ofisa wa JWTZ. Na Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alipompiku Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde na kutuletea dhahabu yetu ya kwanza kabisa ya mashindano ya dunia ya riadha, naye alikuwa askari wa JWTZ. Miaka 51, na mlango ni uleule: geti la kambi.

Kuna watu wakisikia hivyo wanasema ni nidhamu ya jeshi, sisi raia walegevu. Mimi nimepita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, ile miezi mitatu. Filimbi usiku wa manane, mchakamchaka na chenja mpaka sauti inakauka, halafu kwata, halafu jembe. Niliingia siwezi kumaliza kilometa mbili, nikatoka nakimbia huku naimba. (Kitambi kimesharudi, asanteni kwa kuuliza.) Lakini mchakamchaka hautoi bingwa wa dunia. Ungekuwa unatoa, sote tuliokimbizwa shule ya msingi tungekuwa na medali ukutani. Mchakamchaka unakwenda kwa mwendo wa kikosi, wa mbele anamsubiri wa nyuma. Bingwa anatakiwa aachwe aende zake.

Nilichokiona kambini ni kingine. Mtu anakula kwa saa, analala kwa saa, akiumwa kuna zahanati, na aliyeajiriwa mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi hata kama mguu umeteguka. Afande mkimbiaji hakimbii huku anawaza kodi ya chumba. Siri yenyewe ndiyo hiyo, na bunduki haimo.

Mnabisha? Tazameni Moscow 1980, Olimpiki pekee tuliyowahi kupata medali. Zilikuwa mbili, zote za fedha: Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5,000. Bayi alikuwa wa jeshi. Nyambui miaka hiyo alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, Marekani. Kambi na chuo havifanani kwa lolote, ila vyote viwili vilimlisha mkimbiaji.

Hata mpira ni hivyohivyo. Msimu wa 2015/16 Tanga tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zikashuka daraja msimu huohuo, jambo ambalo ukilitaja kijiweni hapa kwetu unaharibu kahawa ya watu. Kwa hiyo jeshi halina dawa ya uwanjani, nakubali. Ila kesho yake, mchezaji mwenye ajira kikosini aliamka akaenda kazini. Yule wa uraiani ambaye mkataba wake umekwisha aliamka anatafuta kibarua.

Sina ugomvi na jeshi, limebeba mzigo ambao si wake peke yake. Zamani mashirika ya umma nayo yalibeba. Reli ya Morogoro ilikuwa timu ya watu wa reli. Mashirika yalipobinafsishwa na mengine kufa, raia tukaosha mikono, tukabaki kupiga makofi uwanja wa ndege askari anaporudi na medali. Na JKT yenyewe kila ikitangaza nafasi za kujitolea inasema wazi kwamba haiahidi ajira. Sasa dogo asipochaguliwa? Au akachaguliwa, akamaliza miaka yake miwili akarudishwa mtaani?

Hapohapo Pongwe anapokimbilia kuna kiwanda cha saruji. Bandari ipo. Halmashauri ya Jiji ipo. Hivi vijana watano kuajiriwa kazi ya nusu siku, nusu nyingine wakimbie, kungemfilisi nani? Mnaofanya kazi huko nijibuni, siulizi kwa kejeli.

Nilimwambia dogo nafasi zikitangazwa nitamjulisha. Akashukuru, ila haondoki. Anaangalia raba zangu.

"Kaka, hizo namba ngapi?"

Arobaini na mbili. Yeye anavaa arobaini na tatu. Akasema zitamtosha tu.