Nani Atasoma Michoro ya Reli ya Dilolo?

Kila nikisema kitivoni kwamba nasoma faili za michoro ya wahandisi, naulizwa kama nimehama idara. Sijahama. Kutafuta skima za data ndani ya faili hizo ni kazi ya isimu, na tukiwaachia wauza programu peke yao, sisi watu wa Lualaba tutailipia ghali.

Neno skima lisitutishe. Ni maelezo ya mpangilio: kitu kilichochorwa, kiwe daraja, bomba au taruma la reli, kimeambatishwa taarifa gani, kwa utaratibu gani, na kama ni maandishi au namba. Mchoro unaonyesha mstari tu. Skima ndiyo inayokuwezesha kujua kwamba mstari ule ni reli ya uzito fulani, iliyowekwa mwaka fulani.

Chukueni DXF, muundo wa faili uliotolewa na Autodesk pamoja na AutoCAD mwaka 1982. Katika umbo lake la kawaida ni maandishi matupu. Unaufungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Data zinakwenda mistari miwili miwili, kwanza namba, kisha thamani. Namba 0 inatangaza aina ya kitu, 8 ni jina la tabaka, 10, 20 na 30 ni mahali kilipo. Aliyekaa darasa la ngeli atatabasamu. Namba ile haikupi maana ya kinachofuata. Inakwambia ni cha kundi gani na kinafuata kanuni zipi, kama kiambishi ki- au vi- kinavyofanya. Nasi pia tunazihesabu ngeli kwa namba tangu enzi za Bleek.

Utamu uko kuanzia 1000 kwenda juu. Hilo ni eneo la wageni: programu yoyote inaruhusiwa kuambatisha data zake humo. Namba 1001 inataja jina la programu hiyo, ambalo huandikishwa katika jedwali liitwalo APPID. Baada yake 1000 ni maandishi, 1040 ni desimali, 1070 ni namba kamili. Basi. Majina ya sehemu hayamo. Mwenye programu anajua kwamba desimali ya pili ni upana wa njia, wewe hujui.

Hapo ndipo mtu wa isimu anapoingia na mistari michache ya Python. Unasoma jedwali la APPID, unachukua kila jina, unapita katika vitu vyote vya mchoro, na kila unapokuta 1001 yenye jina lile unaandika mfuatano wa namba zinazofuata. Tuseme mfuatano 1000, 1040, 1040, 1070 umerudi katika vitu mia tatu: umepata sentensi yenye viambajengo vinne. Kisha unalinganisha thamani. Desimali inayopanda kadiri unavyosogea kwenye njia huenda ni umbali; namba kamili isiyozidi 3 huenda ni kiwango cha uchakavu. Nasema huenda, kwa sababu mpaka ulinganishe na taruma lenyewe una dhana tu. Ni uchanganuzi uleule tunaofanya na matini ya Kichokwe iliyorekodiwa bila msemaji wa kuulizwa.

Wakati mwingine hata maandishi ya kawaida yanakataa kusomeka. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mchoraji katika kampuni moja ndogo huko Kolwezi. Alipewa faili iliyojaa alama za ajabu kila palipokuwa na maneno, na wakubwa wake wakamwambia achore yote upya. Ukurasa wa kwanza wa faili ulikuwa na jibu: kigezo $DWGCODEPAGE kilisema ANSI_936, yaani usimbaji wa Kichina. DXF za kabla ya toleo la 2007 hutegemea kigezo hicho. Za baadaye hutumia UTF-8. Wiki mbili za kuchora upya ziliokolewa na mstari mmoja.

Revit imekwenda mbele zaidi. Humo skima ni kitu kamili, chenye jina, GUID, sehemu zenye majina na hata nafasi ya kuandika maelezo. Amri ya ListSchemas inaorodhesha skima zilizopakiwa katika kumbukumbu, na kichujio ukikipa GUID kinakurudishia vitu vyote vyenye data zake. Lakini aliyeiandika skima anaweza kuifunga isomwe na muuzaji mmoja, au na programu moja tu. Unajua kamusi ipo, na huruhusiwi kuifungua. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko DXF isiyo na majina, maana ile angalau inakubali kuchunguzwa.

Nimekulia Dilolo, karibu na stesheni, ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito. Njia ya Tenke hadi Dilolo iliunganishwa na reli ya Benguela mwaka 1931. Mwaka 2023 Angola ilikabidhi upande wake, hadi bandari ya Lobito, kwa muungano wa makampuni kwa miaka 30, na sasa kila mtu anazungumzia ukarabati wa upande wetu. Michoro itakuja, kwa Kireno, Kichina, Kiingereza au Kifaransa. Wajenzi wataondoka, michoro itabaki. Nataka mikataba idai mambo mawili: skima zote ziwe wazi kusomwa, na nafasi ya maelezo ijazwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006.

Najua pingamizi: Kiswahili hakina istilahi. Kwa baadhi ya mambo ni kweli. Lakini “umbali kutoka Tenke, kwa mita” lina neno gani gumu? Na majina ya sehemu yenyewe sidai yabadilishwe. Yabaki kama programu inavyoyataka, mradi maelezo yake yaeleweke na mkaguzi wa njia aliyeko Mutshatsha au Kasaji. Semina yetu ya leksikografia inaweza kuanza muhula huu, kwa faili tatu za DXF na kompyuta moja.