Sayansi Nayo Ina Baraza Lake

Neno kujuana limekwisha kuharibika kwetu. Likitajwa tu, twamfikiria mtoto wa fulani aliyepewa kazi asiyoistahili. Lakini kuna kujuana kwingine, ambako ndiko kunakoendesha kazi ya sayansi, na mabinti zetu wengi hawakupata.

Mtaalamu haishi kwa cheti peke yake. Hana budi aambiwe na aliyemtangulia ni jarida gani litakalopokea makala yake, fedha za utafiti huombwa mwezi gani, na nani atakayemwandikia barua ya kumtambulisha. Hayo aghalabu hayabandikwi ukutani. Husemwa kwenye chai, au usiku baada ya mkutano, wanaume wamekaa kwa wanaume. Binti aliyerudi nyumbani kabla ya magharibi huja kuyasikia nafasi imekwisha kwenda kwa mwengine; tena pengine hapana hata mmoja aliyekusudia kumdhulumu.

Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, aliuonja upweke wa namna hiyo. Alirudi Lahore mwaka 1951 akakosa wa kuzungumza naye katika fani yake, na mwaka 1954 akaihama nchi akenda Cambridge. Ndipo mwaka 1964 alipoanzisha kituo cha Trieste, Italia, wataalamu wa nchi maskini wapate kukutana na wenzao kisha warejee makwao. Mji huo huo leo ndio makao ya jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, iliyozinduliwa mwaka 1993.

Nairobi nako kuna mpango wa AWARD, ulioanza mwaka 2008. Mwanamke mtafiti wa kilimo hupewa mlezi wa kazi, naye hutakiwa amlee mdogo wake. Aliyepitia chuoni ataitambua desturi hii: wakubwa ndio waliotushika mkono kwenye alifu na be.

Sisi wa pwani tuna taasisi ya utafiti wa bahari Mombasa, KEMRI iko Kilifi, na WIOMSA iko Unguja, ambamo wanawake wa sayansi ya bahari wameunda mtandao wao. Basi kamati zinazochanga karo, ziwatafute pia wanawake wetu walioajiriwa humo, kila mmoja apokee binti mmoja wakati wa likizo. Na baba anayekataza mkutano wa siku tatu, amruhusu mwanawe aende na shangazi yake.